Mgeni njoo, mwenyeji apone: jinsi uhamiaji unavyochochea ubunifu wa biashara Bujumbura

Kuanzia wavu wa mvuvi wa Kigiriki hadi gereji za Buyenzi, historia ya Bujumbura inaonyesha kwamba mbinu mpya za biashara huzaliwa pale ujuzi wa mgeni unapokutana na ujuzi wa mwenyeji katika kazi moja. Hata hivyo, kukutana huko hakuji kwenyewe. Kunahitaji ruhusa, lugha ya pamoja, na mwajiri aliye tayari kusikiliza.

MAMBO MUHIMU

- Bujumbura ni mji uliokuzwa na wahamiaji, na Kiswahili ni mojawapo ya alama walizoziacha.
- Wahamiaji hawatafuti ajira tu. Utafiti uliofanywa Kampala umeonyesha kwamba baadhi yao huwaajiri wenyeji.
- Mchanganyiko wa wafanyakazi hauzai ubunifu ikiwa mgeni hapewi nafasi ya kusema anachokijua.
- Vikwazo vikubwa ni vibali, vyeti visivyotambuliwa, lugha, na dharau.

Mji uliozaliwa na wasafiri

Carama ni mtaa ulio kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kinama, katika tarafa ya Ntahangwa. Upo upande ambao jiji limekuwa likipanukia, mbali na kitovu cha zamani cha biashara kilicho karibu na ziwa. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya pembezoni, mtu huweza kusikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa katika siku moja, wakati mwingine katika sentensi moja. Wanaozungumza lugha hizo wana historia tofauti: wapo waliotoka mikoa ya ndani ya Burundi, wapo waliorejea baada ya miaka mingi ya ukimbizi nchini Tanzania, na wapo waliovuka mto Rusizi kutoka Kongo.

Hali hiyo si ngeni kwa Bujumbura. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi mwambao wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1890, na mahali hapo pakaitwa Usumbura. Askari, wapagazi na wafanyabiashara waliokikuza kituo hicho walitoka sehemu nyingi: Ujiji, Manyema, na hata pwani ya Bahari ya Hindi. Lugha waliyoelewana kwayo ilikuwa Kiswahili. Baada ya Wabelgiji kuchukua nchi mwaka 1916, waliendelea pia kuja wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Wagiriki. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ikawa Bujumbura, lakini mchanganyiko wa watu wake ulibaki. Leo makao makuu ya kisiasa yako Gitega, ila Bujumbura ingali mji mkuu wa kiuchumi.

Swali linalopaswa kuulizwa, basi, si kama wahamiaji wana nafasi katika uchumi wa jiji hili. Nafasi wanayo tangu mwanzo. Swali ni lini uwepo wao huzaa mbinu mpya, na lini ujuzi wao hupotea bila kumfaa yeyote.

Taa ya mwenyeji, wavu wa mgeni

Mfano ulio wazi zaidi umo ziwani. Kwa vizazi vingi, wavuvi wa Ziwa Tanganyika walijua jambo ambalo hakuna kitabu kilichowafundisha: ndagala huvutwa na mwanga. Katika usiku usio na mbalamwezi waliwasha moto wa kuni katika mitumbwi yao, samaki wakapanda juu, kisha wakawateka kwa wavu wa mkono wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Baadaye moto wa kuni ukabadilishwa na taa za karabai. Ilikuwa maarifa makubwa, lakini chombo chenyewe kilibeba kiasi kidogo.

Katika miaka ya 1950, wavuvi wa Kigiriki waliokuwa wakiishi Usumbura walileta meli na wavu mkubwa wa kuzungushia, ambao hukazwa upande wa chini kama mdomo wa mfuko unavyokazwa kwa kamba. Wavu huo peke yake usingetosha. Ulifanya kazi kwa sababu uliunganishwa na maarifa ya wenyeji: kuvua usiku, kufuata giza la mwezi, na kuwakusanya samaki kwa taa kabla ya kuwazungushia wavu.

Karibu na kipindi hicho ukaanza pia uvuvi wa mitumbwi pacha, yaani mitumbwi miwili iliyoungwa kwa miti, ikiteremsha wavu katikati yake na kuunyanyua baada ya samaki kukusanyika chini ya taa. Mbinu hiyo ilikuwa nafuu kuliko meli, na wavuvi wa kawaida waliweza kuimiliki. Kufikia miaka ya 1990 uvuvi wa meli ulikuwa umepungua sana upande wa Burundi, lakini uvuvi wa mitumbwi pacha uliendelea.

Kuna mafunzo mawili hapa. La kwanza, mbinu mpya haikuletwa ikiwa kamili ndani ya sanduku la mgeni. Iliundwa ziwani, kwa kuunganisha vitu viwili vilivyokuwa vimetengana. La pili, uvuvi wa taa haukuondoka na meli zilipopungua, kwa kuwa msingi wake ulikuwa wa wenyeji tangu awali. Ni kweli pia kwamba vyombo bora viliongeza shinikizo juu ya samaki wa ziwa, na nchi zinazolizunguka bado zinahangaika kulidhibiti. Ubunifu una gharama zake, nao unahitaji kusimamiwa.

Buyenzi: ujuzi unaopita mikononi

Mfano wa pili uko nchi kavu. Chini ya utawala wa Ubelgiji, wakazi waliozungumza Kiswahili walitengewa makazi yao, na mtaa wa Buyenzi ukawa kitovu cha jamii hiyo, yenye Waislamu wengi na asili mbalimbali. Walio wengi hawakuwa na mashamba ya kurithi mlimani kama Warundi wengine, wala njia pana ya kuingia katika ajira za serikali. Walichokuwa nacho ni biashara na kazi za mikono.

Kutokana na hali hiyo, Buyenzi ulijijengea sifa inayojulikana Burundi nzima: mtaa wa mafundi wa magari, wachomeleaji, na wauzaji wa vipuri. Mtu aliyekosa kipuri kwingine huenda kukitafuta huko, na kisipopatikana, huenda fundi akakichonga au akabadilisha cha gari jingine. Ujuzi huo haukutoka katika chuo kimoja. Ulipita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kuufundishia.

Pamoja na mchango huo, Waswahili wa Burundi kwa muda mrefu walitazamwa kama watu wa nje. Katika mazungumzo ya mitaani, neno lenyewe la Mswahili limewahi kubeba maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Msikilizaji anayezungumza Kiswahili katika nchi ambayo lugha hiyo si ya wengi huenda anaijua hali hiyo bila kusimuliwa. Jamii inaweza kutegemea kazi ya watu fulani kila siku na bado ikasita kuwaita wenzao.

Kwa nini mchanganyiko huzaa mbinu mpya

Wachumi na watafiti wa masuala ya kazi wanataja sababu kadhaa. Sababu ya kwanza ni maarifa ya soko. Mtu aliyeishi mahali pawili anaweza kuona kinachopatikana kwa wingi upande mmoja na kukosekana upande wa pili. Sababu ya pili ni mitandao. Mhamiaji huja na majina ya watu anaowaamini: muuza jumla wa Kigoma, mwenye boti wa Uvira, ndugu aliyeko Nairobi. Katika biashara ambako mikataba ya maandishi ni michache, uaminifu wa namna hiyo una thamani kama mtaji.

Sababu ya tatu ni namna ya kufikiri kwa pamoja. Mwaka 2009 watafiti watatu wa Marekani, Katherine Phillips, Katie Liljenquist na Margaret Neale, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Vikundi vya wanafunzi vilipewa kisa cha mauaji na kutakiwa kumtambua mhalifu. Baadhi ya vikundi viliongezewa mtu wa jamii yao, vingine vikaongezewa mtu wa nje. Vikundi vyenye mgeni vilipata jibu sahihi mara nyingi zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba wanavikundi hao hawakujiona wamefanya kazi vizuri. Walikuwa na mashaka zaidi kuliko wale waliokuwa na mwenzao. Kwa maneno mengine, kazi ya pamoja na mgeni huweza kuhisiwa kuwa ngumu hata pale inapoleta matokeo bora. Mwajiri anayepima mafanikio kwa utulivu wa kikao anaweza kukosea.

Afrika Mashariki ina mfano wake mashuhuri. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza, pamoja na Safaricom ya Kenya, zilianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu. Lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wateja wa mikopo midogo kulipa marejesho yao. Katika majaribio hayo ilionekana kwamba watumiaji walikuwa na hitaji lao: walitaka kutumiana fedha, hasa kati ya mjini na kijijini. Waliobuni huduma hiyo waliibadilisha kufuata matumizi hayo, na M-Pesa ikazinduliwa Machi 2007. Wataalamu wa kigeni walileta teknolojia na mtaji. Wakenya ndio walioonyesha ingefaa kwa nini.

Burundi nayo imeonja matunda ya kuvuka mipaka kwa namna hiyo. Benki ya CRDB ya Tanzania ilifungua kampuni tanzu Bujumbura mwaka 2012, ikiwa ya kwanza nje ya nchi yake. Lumitel, iliyoanza huduma mwaka 2015, ni ya kampuni ya Viettel kutoka Vietnam, na huduma yake ya Lumicash imekuwa sehemu ya malipo ya kila siku kwa Warundi wengi.

Je, wahamiaji huchukua kazi za wenyeji?

Hofu hiyo ipo, nayo haipaswi kudharauliwa, hasa pale vijana wengi wa mjini wanapokosa ajira. Hata hivyo, takwimu zinaonyesha picha pana zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa ripoti kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, wakiwemo Wakongo, Wasomali, Warundi na Wanyarwanda. Waligundua kwamba jijini Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja, na kwamba miongoni mwa waajiriwa hao, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda.

Uganda iliwezesha hali hiyo kwa sheria. Sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki ya kufanya kazi na uhuru wa kutembea nchini. Mkongo anayeuza vitenge Kampala hununua kwa muuza jumla Mganda, hulipa kodi ya pango kwa mwenye nyumba Mganda, na hushonesha kwa fundi Mganda. Ushindani upo, lakini mnyororo wa riziki ni mrefu kuliko duka moja.

Nchi hiyohiyo inatoa pia funzo la upande wa pili. Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maelfu kwa maelfu waliondoka wakiacha maduka, mashamba na viwanda. Mali hizo zilibaki nchini, lakini uzalishaji wa viwanda vingi ulianguka, kikiwemo kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja. Mitambo ilikuwepo na miwa ilikuwepo. Kilichoondoka ni ujuzi wa kuiendesha, uhusiano na wauzaji wa vipuri, na uaminifu wa wakopeshaji. Vitu hivyo haviwezi kutaifishwa.

Wakati huohuo, Uingereza ilipokea takriban watu 28,000 kati ya waliofukuzwa. Halmashauri ya jiji la Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda ikiwasihi wasiende huko. Wengi walikwenda hata hivyo, na katika miaka iliyofuata biashara zao zikawa sehemu kubwa ya uhai wa jiji hilo.

Ujuzi unaopotea

Burundi inaujua uhamiaji kwa pande zote mbili. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwafanya watu wengi kukimbilia Tanzania, ambako waliwekwa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima, na makazi hayo yakawa maeneo ya uzalishaji wa chakula. Mwaka 2014 Tanzania ilithibitisha uraia wa zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao.

Wengine walichagua kurudi. Kati ya mwaka 2002 na 2009, zaidi ya wakimbizi nusu milioni walirejea Burundi, na tangu mwaka 2017 wamerejea wengine zaidi ya 200,000. Wengi walizaliwa au kusomeshwa ugenini. Walirudi na Kiswahili fasaha, uzoefu wa kilimo au ufundi, na marafiki katika masoko ya Tanzania. Lakini walikuta shule na ofisi zinazotumia Kifaransa, vyeti vyao vikawa vigumu kueleweka, na wengine wakaitwa wageni katika nchi ya baba zao. Mtu aliyeweza kuunganisha soko la Bujumbura na la Kigoma alionekana kama asiyejua kusoma, kwa sababu tu hakujua lugha ya fomu aliyopewa kujaza.

Suala hili limepata uzito mpya mwaka 2025, ambapo makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Burundi wakikimbia vita katika Kivu. Miongoni mwa watu wanaokimbia huwa kuna walimu, wauguzi, washonaji na wafanyabiashara. Msaada wa chakula na makazi ni wa lazima, lakini si jibu la kudumu kwa mtu mwenye ufundi mikononi mwake.

Karakana moja, mafundi watatu

Ili kuona tofauti inavyotokea, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mama mmoja ana karakana ya ushonaji Carama, na ameajiri mafundi wawili: mmoja aliyekulia Tanzania, mwingine aliyetoka Uvira. Akiwapa mashine na kuwaagiza washone sare za shule kama alivyozoea, atakuwa ameongeza mikono miwili, basi.

Lakini akiwauliza wanachojua, hali hubadilika. Fundi wa Uvira anajua mishono ya vitenge inayopendwa Kongo, ambayo wateja wa harusi hulipia vizuri. Fundi aliyekulia Tanzania anajua mahali pa kupata nyuzi na zipu kwa bei ya jumla, na anaweza kuzungumza na muuzaji kwa lugha yake. Mwenye karakana anawajua wateja wa mtaa, anajua msimu wa fedha na msimu wa ukata, na anajua taratibu za kodi. Hakuna hata mmoja kati yao angeweza kuianzisha biashara hiyo mpya peke yake.

Kutokana na yaliyoelezwa hapo juu, mwajiri anaweza kuzingatia mambo manne:

Kwanza, ampime mtu kwa kazi. Pale cheti kisipoeleweka, siku moja ya majaribio yenye malipo huonyesha zaidi ya karatasi.

Pili, achague lugha ya kazi ambayo kila mmoja anaielewa, na asiruhusu lugha itumiwe kumfungia mtu nje ya mazungumzo. Kiswahili kinaweza kuwa daraja, lakini nacho kinaweza kuwa ukuta kwa Mrundi asiyekijua.

Tatu, atenge muda wa kumsikiliza mfanyakazi mpya kabla hajazoea. Macho ya mgeni huona yale ambayo mwenyeji ameacha kuyaona.

Nne, alipe sawa kwa kazi sawa. Mgeni anayelipwa kidogo kwa sababu hana mahali pa kulalamika hatatoa wazo lake bora, na mwenyeji atamwona kama chombo cha kushusha mishahara. Hapo ndipo chuki huanza.

Milango iliyofunguliwa na Jumuiya

Kisheria, eneo hili limepiga hatua. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua uhuru wa wafanyakazi kutembea na haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha biashara katika nchi nyingine ya Jumuiya. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi ni miongoni mwa fani zilizowekewa mikataba ya kutambua sifa za kitaaluma kati ya nchi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022, na hivyo Uvira na Bujumbura, miji inayotazamana kando ya ziwa moja, ikawa ndani ya jumuiya moja. Kwa wakimbizi, Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1951 unataja haki ya kuajiriwa na ya kujiajiri.

Kiswahili nacho kimepandishwa hadhi. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na nchini Burundi kinafundishwa shuleni. Lugha iliyodharauliwa kwa kuwa ya wapitaji leo inatafutwa na wazazi kwa ajili ya watoto wao.

Hata hivyo, kati ya itifaki na mlango wa karakana kuna umbali. Vibali bado hugharimu fedha na muda, fani nyingi za mikono hazimo katika mikataba ya vyeti, na mipaka hufungwa pale siasa zinapochafuka. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuahidi kwamba mwenyeji atapona kwa kumtazama mgeni akipita. Hupona kwa kumkaribisha, kumuuliza alichobeba, na kukifanyia kazi pamoja naye.